Siku Shemsa Alipopanda Mgongo wa Ngamia

La, mjukuu wangu, lile bembea letu la reli halikuwa na umeme. Wapi! Reli mbili za chuma juu ya magogo, na vigari vinne vya mbao. Vijana wawili wakivivuta kwa kamba mpaka juu kabisa, wakaviachia, vikashuka, vikapanda tena kidogo, vikashuka. Sie tukiliita Mgongo wa Ngamia. Likija uwanja wa Mnazi Mmoja siku za Idd tu.

Sasa mamako, Shemsa, alikuwa na miaka sita. Kalilia kupanda, kalilia, hata nkampeleka. Na bibi yako Bahiya yupo, kavaa buibui lake jipya. Lakini roho zetu haziko pale, babu. Ziko nyumbani.

Maana shemeji yangu Majid, nduguye Bahiya, tulikuwa tumemficha kwenye kibanda cha juu ya dari, yaani juu ya paa bapa la nyumba. Alikuwa ameitwa na wakubwa wa serikali kuhojiwa. Wenzake walioitwa kabla yake hawakurudi. Basi akingoja mtu wa kumvusha bahari kwa siri. Mtoto tulimwambia mjomba yuko Mombasa. Mtoto wa miaka sita utamwambia nini?

Vigari vikavutwa, Shemsa kapanda na watoto wenzie, sie tuko chini. Kufika kileleni, vikasimama kidogo, kama kawaida. Na toka kule juu, nyumba yetu ile pale ng'ambo ya barabara, dari yote waziwazi. Nlikuwa sikulifikiria hilo hata kidogo. Shemsa akasimama, akanyoosha kidole.

"Mjomba! Mjomba Majid karudi! Yuko juu ya nyumba yetu!"

Pembeni yangu kasimama Machano, kijana wa tawi la chama, mpeleka habari kwa wakubwa, anatafuna njugu. Na kelele zile za watoto, hakusikia sawasawa.

"Mwanao anasemaje, Bwana Simai?"

"Anataka kushuka. Anaogopa."

"Mbona anacheka?"

Mara Bahiya kapiga kigelegele! Kimoja kirefu, kikali. Wanawake wa kando wakadhani pana jambo la furaha, wakapokea. Wakapokea na wale wa kule kwenye mapembea. Uwanja mzima vigelegele, na Shemsa kule juu mdomo unakwenda, sauti haisikiki.

"Wanawake hawa!" Machano akacheka. Lakini macho kayapeleka kule kidole kilikoelekea. Na mie nkatazama. Juu ya dari pana shuka imeanikwa, basi. Kumbe Majid kavisikia vile vigelegele, kajitupa chini nyuma ya ukuta.

Vigari vikashuka. Nkamkumbatia mtoto, nkamziba mdomo kifuani kwangu, tukaenda zetu polepole, tusionekane tunakimbia.

Nyumbani tukafunga mlango kwa komeo. Majid kakaa kwenye ngazi.

"Nlitoka kuota jua tu, shemeji. Nlidhani watu wote wako sikukuu."

Shemsa kamtazama, kanitazama mie. "Baba, kumbe Mombasa ni hapa darini?"

Bahiya akacheka, kisha akalia. Akampigia magoti mtoto: "Usimwambie mtu. Hata Tabia wa jirani." Mtoto akaitikia kwa kichwa. Kile kicheko chake cha uwanjani hakipo tena, babu. Hilo liliniuma kuliko yote.

Pilau ikapakuliwa. Mchele wenyewe wa mgao, wa kupangia foleni, kidogo tu. Majid kabaki kasimama, sikio mlangoni. Nje watu wanapita, wanapeana mkono wa Idd. Shemsa akamvuta shati.

"Kaa, mjomba. Inapoa."

Akakaa. Na sie tukakaa, wote kwenye sinia moja.