Makofi ya Ukumbini

"Pandisha tena, dada. Mpaka chini ya matiti," Profesa Raghib alisema bila kumtazama usoni.

Wagida aliipandisha galabia yake, kanzu pana ya kike, huku uso ukimwaka kwa haya. Chini alikuwa amevaa suruali ya ndani ya mumewe, imebanwa kwa pini, maana zake hazikumtosha tena kwa mimba. Kamera ilikuwa imefungwa juu ya kitanda. Ng'ambo ya ukuta, ukumbi mzima wa hoteli ulijaa madaktari wa mkutano, na wote walikuwa wakimwona kwenye skrini.

Alikubali mwenyewe kupimwa mbele yao, nani wa kumlaumu? Mtoto wake wa kwanza alizaliwa midomo ikiwa ya bluu, akafa kabla ya sherehe ya siku ya saba. "Tumbo lako ndilo bovu," mama mkwe wake, Hagga Tafida, alimwambia mbele za watu, kana kwamba Wagida hakuzaliwa katika ukoo ule ule. Mumewe ni mtoto wa ami yake. Sasa Wagida alitaka kujua jambo moja tu: moyo wa huyu aliye tumboni ni mzima? Hospitali ya serikali, kila alipokwenda, walimwambia mashine ya kuonyesha moyo wa mtoto kwa pande tatu imeharibika. Leo aliitambua palepale. Ilikuwa na kibandiko cha hospitali ile ile ubavuni, na ilifanya kazi vizuri sana.

Profesa alimpaka jeli ya baridi, akaanza kusema Kiingereza. Moyo ukatokea, rangi ya dhahabu, ukijikunja na kujikunjua kama kiganja cha mtoto. Akaugeuza huku, akaugeuza kule. Ghafla makofi yakalipuka ng'ambo ya ukuta, makofi ya harusi kabisa.

Wagida akapiga kigelegele. Hakukipanga, kilimtoka tu pamoja na machozi.

Kikaingia kwenye kipaza sauti cha profesa, na ukumbi ukanyamaza. Mtu mmoja akacheka. Nje ya mlango Hagga Tafida akaitikia kwa kigelegele chake, kisha akasikika kwenye simu: "Mwanangu, moyo mzima! Madaktari wakubwa wakubwa wanampigia makofi mjukuu wangu!"

Profesa alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "We mama, una wazimu? Hapa ni harusini?"

"Nisamehe, bwana daktari. Ni furaha."

Sabrin, muuguzi, aliinama kumfuta jeli. Wagida akamshika mkono. "Dada yangu, makofi yalikuwa ya nini?"

"Hawajawahi kuuona moyo wa namna hii," Sabrin alinong'ona.

"Namna gani?"

Sabrin akakwepesha macho. Ndivyo mkunga alivyofanya, siku ile ya mtoto wa kwanza. Wagida alitamani akirudishe kigelegele chake, akimeze.

"Bwana daktari, ataishi?"

"Weka nafasi kwenye kliniki yangu binafsi ya jioni, tutazungumza kwa utulivu." Akaondoa kiganja, akaitabasamia kamera. "Sasa lala vizuri, dada. Wageni wanaomba kuuona tena."

Nje, Hagga Tafida alikuwa akiwagawia walinzi peremende, akiwahimiza wachukue mbili mbili.

Wagida akalala, akaipandisha galabia mwenyewe.