Shika Hapa, Bibi

...na bado anabonyeza mafuta, haya bonyeza, babu wee, bonyeza mpaka tutokee upande wa pili wa dunia, matairi ya nyuma yanazunguka bure na tope linaruka mpaka kwenye majani ya miti, na yeye, mjane wa miaka sitini na miwili, kaketi nyuma ya mwongozaji kama gunia la mkaa, kashika vyuma viwili alivyoonyeshwa, shika hapa, Bibi, usiachie, basi ameshika, nani asiyejua kushika chuma, mikono hii imeshika chuma miaka ishirini na saba, tena si hiki kidude cha matairi manne cha kutembezea wageni msituni, bali greda, greda la barabara, la manjano, lenye kisu kirefu kuliko kitanda cha watu wawili, alilipandisha milima mikali kuliko huu, kwenye utelezi uliowashinda wanaume wakashuka wakasimama kando wamejishika viuno... "Tulia tu, Bibi, mashine hizi nazijua," mwongozaji anasema bila kugeuka, unazijua wapi wewe, anayezijua haongezi mafuta tairi likishazama, anaachia, anarudi nyuma kidogo, anashuka kukata matawi ayalaze chini ya tairi, lakini nani amuulize bibi, bibi kazi yake kushika vyuma na kutoogopa, na ile helmeti aliyomvalisha kwa mikono yake, akamfunga na kamba kidevuni kama mtoto wa chekechea, tena akampigapiga kichwani, ngo ngo, uko tayari kwa safari, Bibi, loo, kumpigapiga mtu mzima kichwani!

Ila huyu hamjui, huyu mtu baki, anayemuunguza ni yule kule nyuma, juu ya mashine yake mwenyewe, binti yake wa pekee, maana kule chini kwenye kibanda mwongozaji aliuliza vizuri tu, nani anaendesha, nani anapakiwa, na kabla yeye hajafungua mdomo binti akamjibia, "Mama atapakiwa, hajawahi kushika usukani maishani mwake," akacheka, kicheko kizuri, cha mapenzi kabisa, na hicho ndicho kilichomchoma, maana matusi angeyajibu, sasa kicheko cha mapenzi unakijibu vipi, maishani mwake, anasema, maishani mwake! Kana kwamba mama yake alizaliwa siku ile ile naye, kana kwamba ule mwaka mlima ulipoporomoka ukafunga barabara ya hospitali hakuwa yeye juu ya lile greda tangu alfajiri hadi saa kumi jioni, mvua inampiga usoni kwa sababu kioo cha mbele kilikuwa kimepasuka, tope hilihili, jekundu, zito, linanyonya tairi kama mtoto anyonyavyo, na alipopenya gari la wagonjwa likapita lina mama mjamzito ndani, kisha msimamizi akaenda redioni kuwashukuru vijana wake wa barabara, vijana wake, na yeye wakati huo yuko stoo ya vifaa anavua ovaroli, anasugua kucha kwa mafuta ya taa, anavaa gauni lake la maua arudi nyumbani... "Mama, uko salama? Usiogope, Mama!" binti anapiga kelele kutoka nyuma, siogopi, mwanangu, nina hasira, hujui hata kuvitofautisha, utajuaje, hukuwahi kuuliza, mtoto gani huyo asiyeuliza...

Lakini aliuliza. Jioni ileile ya mlima aliuliza, amesimama mlangoni na sare yake ya shule, miaka minane, tisa, akasema, Mama, mbona umechelewa, kwani ofisini mlikuwa mnafanya nini, na baba yake, mwalimu mkuu, mtu wa tai na chaki, akainua macho kwenye gazeti, hakuhitaji kusema, walishakubaliana tangu siku ya posa kwamba mke wa mwalimu mkuu haonekani juu ya mtambo, na yeye akamwinamia mtoto, ananuka sabuni na mafuta ya taa, akamwambia, mafaili yalikuwa mengi, mama. Mafaili! Mdomo wake mwenyewe, si wa msimamizi, si wa redio, na mtoto akaandika kwenye daftari mama yangu ni karani, akaletewa asome, akasoma, akamsifia mwandiko. Kisha mwalimu mkuu akafa, miaka sita sasa, mwenye kukatazwa yupo, mwenye kukataza hayupo, na bado hakusema, akakaa na hasira yake akisubiri mtu aigundue, na leo amemkasirikia binti kwa kusema alichofundishwa...

"Sasa inatoka, Bibi, sasa hivi!" mwongozaji anasema, na tairi linazama kidole kingine, na safari hii haoni hata sababu ya kumbishia, maskini, anajitahidi, jasho linamchuruzika shingoni, na nyuma binti anamwita tena, Mama, nisikie, nimeshuka nije kukushusha lakini tope limenifika magotini, anamhofia kweli, anamhofia karani aliyezeeka, mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo, na huyu aliyeketi hapa bado hajatambulishwa kwake. Atamwambia. Si jioni nyumbani, si kwa barua, ni hapahapa atageuka amwambie, ataanzia wapi, aanze na mlima au na baba yake, au amwambie tu yule mwongozaji, nipishe, na binti aone mwenyewe... injini inanguruma, moshi unapanda kati ya miti, na yeye, aliyekuwa akiomba tangu mwanzo watoke kwenye dimbwi hili, sasa anaomba tairi lisitoke, lizunguke tu kidogo, dakika mbili tatu, maana neno la kwanza bado hajalipata.