Mteremko Uliokatika Nyuma ya Ognyan

Asubuhi ile Zornitsa alinipigia simu kutoka kijijini kuuliza hali ya njia. Natunza nyumba ya wapandaji huku juu, na wengi huniuliza kabla ya kupanda. Nilimweleza kwamba mvua ilinyesha juu ya theluji, ikaganda, kisha upepo ukaleta theluji mpya na kuilundika juu ya barafu ile. Yeye na mumewe wasithubutu kukatiza mteremko, maana theluji ya namna hiyo huporomoka kirahisi. Wapite msituni, ingawa njia hiyo inazunguka na inachosha.

Mumewe, Ognyan, hakuyapenda hayo. Walipofika njia panda jua lilikuwa limetoka, na mteremko ulitulia kama shuka iliyopigwa pasi. Ognyan alidai Stanka, yaani mimi, amezeeka na anaogopa hata kivuli chake. Katika milima yote waliyopanda tangu waoane, yeye alitangulia na Zornitsa akakanyaga nyayo zake. Wakaanza kuvuka. Hawajafika mbali, theluji ilitoa mlio mzito chini ya viatu vyao, kama kitu kilichoshuka ghafla. Zornitsa akasimama.

"Mimi sipiti hapa," alisema.

"Usiniletee vituko, mke wangu. Ni hapo tu."

"Umeusikia huo mlio, Ognyan. Turudi."

"Basi rudi, kamfuate bibi yako Stanka. Tutakutana kwenye supu."

Akaenda. Zornitsa alimtazama mpaka alipopotelea nyuma ya mwamba, kisha akarudi nyuma na kuingia msituni. Alizama hadi magotini, akaanguka, akainuka. Anasema kilichomsukuma hakikuwa woga, ni hasira.

Alifika kwangu alasiri, kope zimeganda. Hakusalimia.

"Amefika?"

Nilimwambia bado. Muda mfupi kabla yake tulikuwa tumesikia ngurumo upande wa mteremko, na shemeji yangu Velko alikuwa tayari anafunga meno ya chuma kwenye viatu. Niliwaita waokoaji wa mjini, wakasema upepo hauruhusu helikopta kuruka. Wangekuja kwa miguu. Tukatoka sisi, tukapanda ukingo wa mawe ambako upepo hauachi theluji ikakaa. Tulimsihi Zornitsa abaki, akakataa.

Kutoka pale juu tuliuona mteremko wote. Ulikuwa umekatika kama mkate kwa kisu, na huko chini mabonge ya theluji yamelala kama kuta za nyumba iliyobomoka. Zornitsa aliita jina la mumewe mara moja. Velko alimwambia aite tena. Yeye akaendelea kuyakagua mabonge kwa macho.

Velko ndiye aliyemwona, amekumbatia jiwe katikati ya mteremko, glavu moja haipo. Theluji ilikuwa imekatika nyuma ya visigino vyake. Alikuwa hawezi kwenda mbele wala kurudi. Velko alijifunga kamba, nikaizungusha kwenye mwamba na kuishika, akamfuata taratibu, akamleta.

Nyumbani kwangu niliwaarifu waokoaji kwamba amepatikana. Zornitsa alimvua viatu, akamfunga vidole vya mkono uliokosa glavu, vilivyokuwa vimekufa ganzi, akamwekea bakuli la supu ya maharage. Ognyan hakuigusa.

"Uliniacha peke yangu," alisema.

Zornitsa aliendelea kukunja soksi zake zilizolowa.

"Wewe hutangulia, mimi hufuata," akamjibu. "Pale palipokatika ndipo ningekuwa mimi."

Ognyan akainamisha kichwa.

Kulipokucha Zornitsa alishuka na Velko. Ognyan alisema mkono unamuuma, atapumzika kwanza. Alikaa kwangu siku kadhaa, akinipasulia kuni vibaya kwa mkono mmoja. Mwishowe aliniomba nimpigie mkewe, nimuulize kama arudi nyumbani.

"Swali hilo halitumwi, kaka yangu," nilimwambia. "Nenda ukaulize mwenyewe."

Alichukua fimbo zake akashuka kwa njia ya msituni. Alijibiwa nini, hakuna hata mmoja wao aliyeniambia.