Huku Wapi, Wifi?

Fundi wa kompyuta kubwa za hospitali alikuwa hodari, na ubaya wake ni kwamba alijua. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyefanya naye kazi hiyohiyo, alimwita Bi Mkato, maana maneno aliyapima kama sukari ya wakati wa shida. Yeye naye alimwita wifi Bi Wapi. Mwambie wifi aweke kitu pale, atakuuliza pale wapi, hata kama meza ni moja.

Siku hiyo kulikuwa na zoezi. Kituo kikuu cha kompyuta kilizimwa makusudi, hospitali ikahudumiwa na kituo cha pili, ng'ambo ya mji, anakofanyia kazi wifi. Bi Mkato alishinda hukohuko akisimamia, kisha akarudi kituo kikuu kuwasha mitambo. Likabaki jambo moja: data ya leo inakiliwe kutoka kituo cha pili, iletwe kikuu. Ukikosea njia, ya jana iliyobaki kikuu inaifuta ya leo, na programu yenyewe haina maswali. Ikiambiwa nakili, inanakili.

Akampigia wifi simu. "Haya, bonyeza. Huku kwenda kule."

"Huku wapi, wifi?"

"Umeshaanza. Huku ni huku."

"Huku kwangu au huku kwako?"

"Wifi, huna kazi?"

"Ninayo. Ila mama kalazwa leo, na daktari kaingiza kwenye mashine jina la ile sindano inayomdhuru. Tukitoa kwako kuja kwangu, mama hajalazwa, yuko zake nyumbani anakaanga vitunguu."

Bi Mkato akatazama mezani. Kikombe kilikuwa chake, kile kilichovunjika mkono. Kumbe mwili ulisharudi, akili ikabaki ng'ambo. Akavuta kiti, akakaa. Alimpenda yule mama mkwe wake kuliko alivyowahi kumwambia, na nusura amfute kwa maneno matatu.

"Kwako," akasema taratibu. "Kutoka kituo cha pili kuja kituo kikuu. Nisamehe, wifi yangu."

"Hebu rudia hapo mwisho, simu inakatakata."

Haikuwa inakatakata, na wote wawili walijua. Akarudia.

Data ikafika salama. Bi Mkato alikuwa anafunga ofisi mama mkwe alipopiga simu kutoka hospitali: wamemhamisha kitanda, waende wakamwone, yuko huku.

"Huku wapi, mama?" akauliza Bi Mkato.