Konstantino wa Katekista Wenseslaus

Wivu ulimkaba Katekista Wenseslaus tangu Jumapili ile paroko alipotangaza kwamba semina ya historia ya Kanisa itafundishwa na Salvina. Salvina! Kabinti alikokafundisha mwenyewe ishara ya msalaba, leo kamerudi Kirua Vunjo na shahada na projekta, na parokia nzima imebaki midomo wazi. Semina hiyo ilikuwa yake miaka yote. Nusu ya waumini walimjua mfalme Konstantino kwa kinywa chake.

"Kizuri chajiuza, Baba Elifuraha," mkewe Margareta alimtania akimenya ndizi. "Twende tukasikilize."

Akaenda, lakini si kusikiliza. Alikaa nyuma kabisa ukumbini, mikono kifuani, akimwombea binti wa watu ajikwae. Hakujikwaa. Alisimulia mateso ya Wakristo wa kwanza mpaka akina mama wakafuta machozi. Akawapeleka Nikea, maaskofu wakibishana kama Mwana ni sawa na Baba, ungedhani ni kikao cha ukoo kinachogawa kihamba, shamba la urithi. Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kikamwasha Wenseslaus kama upupu. Mbona yeye hakuwahi kuchekewa hivyo?

Kisha Salvina akasema Konstantino aliwapa Wakristo uhuru wa kuabudu tu. Wenseslaus akaruka kutoka kwenye benchi.

"Uhuru tu? Konstantino ndiye aliyeufanya Ukristo dini ya dola! Nilifundisha hivyo kabla hujazaliwa."

"Samahani, mwalimu," Salvina alisema kwa sauti ya chini. "Aliyefanya hivyo ni mfalme Theodosio. Konstantino alikuwa amekwisha kufa zamani."

Wanafunzi wake wa zamani walitazama viatu vyao. Wenseslaus akachukua kofia yake, akatoka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba binti alisema kweli. Yeye mwenyewe aliwahi kumsoma huyo Theodosio, akamwacha, kwa sababu hadithi ya mfalme mmoja ilikuwa tamu kufundisha.

Margareta alirudi jioni.

"Umekosa habari za Rumi na Konstantinopoli," alisema. "Walitengana kwa kulaaniana, na laana zile zikakaa zaidi ya miaka mia tisa ndipo zikafutwa. Wewe umepanga kununa mingapi?"

Wenseslaus akazima taa.

Asubuhi alichukua kisu, akaenda kwenye uzio wa isale. Anayeletewa jani la isale hana budi kusamehe, hata kama aliuliwa ng'ombe wake. Ndivyo walivyolelewa Wachagga wote. Alikuwa bado anachagua jani, akasikia hodi. Ni Salvina, ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

"Shikamoo, mwalimu. Jana nilikuaibisha mbele za watu. Naomba unisamehe."

Wenseslaus alisahau hata kuitikia. Wivu ulimpanda upya, mkali kuliko ule wa ukumbini. Hata hili kamtangulia!

"Rudi nalo," alisema.

Salvina akashtuka, machozi yakamlengalenga. Nani amewahi kukataa isale?

"Rudi nalo kwenu, nami nakuja nyuma yako na la kwangu. Aliyekosa ni mimi. Semina umeshaichukua, mwanangu. Hili usininyang'anye."