Jibu Alilofundishwa Mugure

Wiki nzima Gakuru alikuwa akimkaririsha mkewe jibu moja, utadhani mtoto wa chekechea.

"Mama Nyawira, mimi ni nani?"

"Wewe ni Gakuru, mume wangu."

"Haya, tena!"

Jamani, na huyu Gakuru ndiye mwalimu aliyezeeka akifundisha falsafa chuoni! Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemchukua Mugure kidogo kidogo, mpaka juzi akawaambia majirani hapo Kitengela kwamba huyo mzee anayekaa naye hamjui, mume wake ni kijana. Habari zikamfikia binti yao, Nyawira. Akapiga simu, akasema wazi: Jumamosi nakuja, na kama mama hakujui, namhamishia kwangu Ngong. Hawezi kuishi na mgeni.

Jumamosi akaja. Hata kuketi hakuketi.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni Gakuru, mume wangu," akajibu Mugure bila kukwama.

Nyawira akashusha pumzi. Gakuru angenyamaza tu, mambo yaishe. Lakini moyo ulimsuta. Miaka yote aliwafundisha watu kwamba Wagiriki wa kale, Sokrates na wenzake, hawakukubali kila jibu sahihi liitwe ujuzi. Anayejua, kwao, ni yule anayeweza kueleza kwa nini. Wazo la kweli lisilo na sababu hutoroka, na Gakuru alizoea kulifananisha na mbuzi asiyefungwa. Sasa Mugure, maskini, alikuwa amepewa jibu tu.

"Nyawira, hilo jibu nimemfundisha mimi," akasema, macho chini. "Amekariri. Nilikuwa naogopa utamchukua nibaki peke yangu."

Nyawira alitaka kukasirika, akashindwa. Akaingia chumbani, akarudi na begi na sweta ya mama yake. Alipoanza kumvalisha, Mugure akakunja mikono kifuani, akaanza kutetemeka. Kisha akageuka, akamnyooshea Gakuru mikono yote miwili. Gakuru akamvalisha polepole, kifungo baada ya kifungo, na kule kutetemeka kukaisha.

"Mama, kwani unamjua huyu mzee?"

"Simjui. Ananiuliza tu kila siku." Mugure akamtazama mumewe, akatabasamu kwa haya. "Lakini akiwa hapa siogopi."

"Kwa nini?"

"Sasa mimi nitajuaje? Siogopi tu."

Gakuru akalia, na wacha alie. Wagiriki wake wangeliitaje jambo hilo hakujua, na siku hiyo hakujali hata kidogo. Nyawira akaweka begi chini.

Mugure akamgeukia, akamkagua kuanzia viatu mpaka nywele, kwa huruma.

"Na wewe, msichana mzuri hivi, mama yako anajua uko huku?"

Nyawira alimsogelea. Akapiga magoti, akamshika mikono.

"Anajua," akasema. "Anajua, mama."