Kiungo wa Benchi

Jumamosi jioni, watu waliojaa kwenye kibanda cha video cha Kithinji, pale Bula Pesa, Isiolo, walimwona Adenilson, kiungo Mbrazili, ameketi benchi tena huko Ulaya na blanketi magotini. Waliotoka kununua njugu walimkuta uwanjani nje, akiwagawia pasi vijana wa mtaa. Walimsalimia, wakanunua njugu, wakarudi ndani.

Alikuwa ameuzwa akiwa mdogo, Brazili hadi Ureno, Ureno hadi Uturuki, kisha kwa klabu kubwa ambayo kocha wake hakumpenda. Kila alipokalishwa benchi, mwili ulitulia pale kama mkataba ulivyotaka, naye mwenyewe akaenda kutafuta mpira. Mara ya kwanza alitokea ndani ya vumbi la Septemba. Lopeyok, nahodha wa timu ya mtaa, alisogea pembeni kumpisha katikati, na mchezo ukaendelea. Kiswahili alijifunza hapohapo, kwa kuitisha mpira.

Alikuwa akichechemea. Atabo, mama yake Lopeyok, aliyeuza chai kando ya uwanja, aliyeyusha mafuta ya ngamia jikoni akamkanda goti. Vidole vyake vikakuta matundu mengi madogo. Akamuuliza ni nani anayemchoma hivyo.

“Daktari wa klabu,” Adenilson alisema. “Wakinihitaji ananidunga, sisikii uchungu, nacheza.”

“Si ukatae?”

“Goti ni la klabu, mama. Mimi nimeachiwa Jumamosi tu.”

Ikafika fainali, na klabu ikamhitaji. Jioni hiyo uwanja wa Bula Pesa ulikosa kiungo. Kwenye televisheni alicheza vizuri kuliko wote, mpaka kipindi cha pili alipoanguka bila kuguswa. Walipokuwa wakimtoa kwa machela, Atabo alimwona akija kwa miguu, hachechemei hata kidogo. Alikaa karibu na jiko. Atabo akammiminia chai, akaongeza sukari.

Klabu ikamwacha. Mwili ulirudi Brazili kwa dada yake, ukitembea kwa mkongojo. Yeye alibaki Isiolo, akapanga chumba, akawa kocha. Dada alipiga simu mara kwa mara kumweleza mwili umeamkaje.

Mwaka uliofuata, wakala wa klabu ileile alikuja kutazama vijana. Hakushangaa kumwona Adenilson. Alimpa mkono, akauliza hali ya hewa. Kisha akainama na kuyabonyeza magoti ya Lopeyok, kama mnunuzi sokoni anavyokagua ngamia, akaridhika.

Adenilson alimweleza Lopeyok yote, mbele ya mama yake, bila kuficha sindano hata moja. Kijana alisikiliza hadi mwisho.

“Lakini ulicheza,” akasema.

“Nilicheza.”

“Kwenye nyasi.”

“Nyasi nzuri sana.”

Atabo alitaka kumkataza. Usiku huo alimfulia soksi.

Lopeyok aliondoka na basi la asubuhi. Jumamosi ya kwanza timu ilishuka uwanjani pungufu, na kijana mmoja wa Kambi Garba akaomba kuingia. Adenilson akamwambia kwa upole kwamba nafasi ile ina mwenyewe. Wakaanza kucheza wakiwa kumi, kwa kuwa ligi ya Ulaya ilikuwa imefunguliwa, na huenda Lopeyok angewekwa benchi.